Uzinduzi wa Kiwanda cha Pakiti Nyeupe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Maduka Yetu, Mheshimiwa Mama Mwenyekiti, Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi mliofika na mliotuma udhuru, Mameneja wa matawi yote kumi na moja, akiwemo Meneja wa tawi la stendi ambaye leo amewahi kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Wakaguzi wa ndani, Wakaguzi wanaowakagua wakaguzi wa ndani, Wateja Watukufu wenye kadi za pointi, wateja wengine, ndugu mwokaji mikate wa duka, ndugu walinzi wa lango la mizigo, kinamama arobaini wafungashaji wa kinu cha unga cha ng'ambo ya barabara, na kwa namna ya pekee kabisa shangazi yangu, dada yake marehemu baba, kiranja wa wafungashaji hao, shikamoo shangazi, ambaye tumeelewana asubuhi kwamba leo atasikiliza tu. Itifaki yote imezingatiwa, na ambaye hakutajwa ajihesabu ametajwa.

(Makofi. Shangazi: "Marahaba, mwanangu. Fupisha basi, zamu yetu inaanza saa nane.")

Nitafupisha, shangazi, kwa kirefu.

Ndugu wadau, mimi kama Mkurugenzi Mwandamizi wa Kurugenzi ya Bidhaa za Jina la Duka, kurugenzi niliyoiasisi mwenyewe, nikaiongoza mwenyewe, na mwaka jana nikaitunuku mwenyewe cheti cha utendaji bora baada ya mchakato wa ushindani mkali ambao mimi nilikuwa mshindani wake, nimekuwa nikiulizwa swali moja kila nipitapo, kwenye foleni ya kulipia, kwenye ngazi, hata msalani, kwamba: Mheshimiwa, huu unga wa pakiti nyeupe wenye nembo ya duka lenu, unaouzwa nafuu kuliko ule maarufu wa pakiti nyekundu, unatengenezwa na nani hasa? Na mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana, nilikuwa natabasamu tu. Leo natamka mbele yenu kwamba unga huu tunautengeneza sisi wenyewe, katika kiwanda chetu cha kisasa, cha kimkakati, cha kidijitali na chenye feni, kilichopo hapa hapa nyuma ya pazia hili la buluu!

(Makofi marefu. Mlinzi anapiga filimbi kwa furaha, anakatazwa, anapiga tena.)

Msichungulie, jamani. Utepe haujakatwa.

Sasa watu wanauliza, je, nyeupe na nyekundu zinalinganaje? Ndugu wadau, hazilingani hata kidogo, mbingu na ardhi! Kurugenzi yangu imefanya utafiti wa kitaalamu, sampuli ikiwa ni kaya nne zilizochaguliwa bila upendeleo, yaani yangu, ya shemeji yangu, ya dereva wangu na ya jirani anayetuazima ngazi, ambapo asilimia mia moja na nne ya waliohojiwa walisema nyeupe ni bora, hizo nne za ziada zikiwa ni wageni waliopitia tu. Data zinaonyesha kwamba unga wa pakiti nyeupe unaumuka haraka zaidi, unakandika kwa heshima zaidi, na kwa upande wa weupe umeongeza tija kwa kiwango ambacho mizani yetu haikuweza kukipima.

(Mkaguzi wa ndani: "Weupe unapimwa kwa mizani?") Swali zuri, utajibiwa kwa maandishi.

Lakini kuona ni kuamini. Ndugu mwokaji, leta sahani. Hapa, Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna mikate miwili iliyookwa alfajiri kwenye tanuri moja, mmoja wa unga wetu, mmoja wa ule wa majivuno. Naumega huu wa kulia, ambao ni wetu. Mmh! Laini, mwororo, mkate wenye maadili. Sasa huu wa kushoto, wa pakiti nyekundu. Aa! Mkavu. Unakwama kooni. Nipeni maji.

(Mwokaji, kwa sauti ya chini ambayo kipaza sauti kinaidaka: "Mzee, umegeuza sahani. Wetu ni huo wa kushoto." Kicheko. Mama Mwenyekiti anaomba kuonja yote miwili na kusema haoni tofauti. Kicheko kinazidi.)

Nashukuru kwa mchango huo, Mheshimiwa Mama, na nilikuwa nawapima usikivu tu. Tuendelee na ajenda.

Naomba sasa niwageukie kinamama arobaini walioketi upande wa kivuli. Mheshimiwa Mwenyekiti aliniambia wiki iliyopita, tena mbele ya Bodi, kwamba pesa za kiwanda zimetoka kwa awamu tatu na yeye hajawahi kumwona hata mfanyakazi mmoja, nami nikamwahidi kwamba leo ataona arobaini kwa mpigo. Ndio hao! Wamevaa makoti meupe ya kitaalamu, na yale madoa msiyajali, makoti yametoka idara ya nyama. Hawa ndio wafungashaji hodari kuliko wote, na leo wanahama kinuni kuja kwetu, ambako watakalia viti vyenye migongo. Kinachobaki ni jambo dogo tu la kiutaratibu: kila mmoja atie saini fomu ya kuacha kazi kinuni, ile ya njano, sasa hivi, kabla sijakata utepe. Shangazi yangu atakuwa wa kwanza, kwa mfano mwema. Ndiyo, najua, shangazi amebakiza miaka miwili apate kiinua mgongo chake cha miaka ishirini na sita. Lakini kiinua mgongo ni nini, ndugu zangu, mbele ya kiti chenye mgongo?

(Shangazi anasimama. Kalamu iko mkono wa kushoto, fomu kulia, na anaelekea kwenye pakiti za maonyesho.)

Asante, shangazi, meza iko huku. Huku, shangazi. Hiyo siyo fomu, hiyo ni pakiti ya maonyesho, iache tafadhali, imepangwa na mtaalamu.

(Shangazi: "Mwanangu, pakiti hii imefungwa wapi?")

Kiwandani kwetu, shangazi. Nyuma ya pazia.

(Shangazi: "Na nani?")

Na... na mitambo.

(Shangazi anainua pakiti nyeupe juu watu wote waione. "Jamani, mimi natumia mkono wa kushoto. Tangu nianze kazi nimegombezwa na wasimamizi watano, kwa sababu kila mtu pale kinuni analaza sikio la pakiti kulia, mimi nalilaza kushoto, halafu nalibonyeza kwa dole gumba hapa kati. Tazameni. Hili hapa dole gumba langu." Wanawake wanasimama. Mmoja: "Kiranja, na hii ni yangu! Naijua, mimi hukunja mara tatu!" Mwingine: "Si zile pakiti tupu za Alhamisi? Zile zisizo na maandishi? Tuliambiwa ni za magereza!" Mwingine: "Mimi nikajisemea, wafungwa wa siku hizi wanaoka keki!" Ukumbi unavunjika mbavu.)

Utulivu, ndugu wadau! Utulivu! Kuna maelezo ya kiufundi. Ni kweli kwamba katika mnyororo wa thamani kuna hatua fulani, ya kati, ambayo kinu cha jirani, hicho hicho cha pakiti nyekundu, hushirikishwa kusaga, kupima, kujaza na kufunga, na kwamba hatua zinazobaki, yaani kubandika lebo, hufanywa na Kurugenzi yangu kwa weledi mkubwa, pale stoo, na shemeji yangu, kwa gundi.

(Mwenyekiti: "Kwa hiyo unga wa pakiti nyekundu na wa nyeupe ni unga uleule?")

Mheshimiwa, kwa lugha ya kitaalamu... kwa kuzingatia muktadha... ndiyo.

(Shangazi: "Gunia lilelile, Mheshimiwa. Jumatatu mpaka Jumatano tunajaza nyekundu, Alhamisi tunajaza za wafungwa." Mwenyekiti: "Na hawa kinamama wakitia saini, kesho rafu zangu atazijaza nani?" Wanawake arobaini wanaanza kucheka taratibu, kisha kwa nguvu. Shangazi anafungua kifuniko cha kalamu, anauliza: "Nitie saini wapi vile, mwanangu? Hapa chini?")

Shangazi! Shangazi, subiri. Shangazi, nakuomba. Hiyo kalamu haina wino. Ina wino? Basi iweke chini. Ndugu wadau, maji yamezidi unga, na mimi ni mtu mzima, nasema wazi: kinamama hawa wakiacha kazi leo, kesho hakuna nyeupe, hakuna nyekundu, na mimi nitakuwa nimemwaga unga kwa maana zote zilizopo. Msitie saini. Nachana fomu hizi mbele yenu, moja, mbili, zote. Shangazi, nisamehe. Ulinilea kwa jasho la kinu kile, nami nilitaka kukutoa pale ili nipigwe picha.

(Shangazi: "Nimekusamehe. Rudisha makoti kwa watu wa nyama. Na hivyo viti vyenye migongo ulivyotutangazia, tutakuja kuvichukua Alhamisi, maana hatuwezi kuwafungia wafungwa wako tukiwa tumesimama." Mwenyekiti anatikisa kichwa kukubali, na kuandika kitu kwenye daftari kinachoonekana kirefu.)

Viti vitatoka, shangazi, hata ofisini kwangu. Na kwa hayo machache, kwa kuwa mkasi umeshakodiwa, naukata utepe. Pazia, tafadhali.

(Pazia linaanguka. Ukuta. Msumari mmoja, na kwenye msumari, feni ya mezani imening'inizwa kwa kamba. Kicheko kirefu kuliko makofi yote ya leo.)

Feni mnaiona. Sikuwadanganya kwa yote.

Nawashukuru wote, Bodi kwa awamu tatu, mchoraji ramani kwa ramani ya kiwanda alichokichora bila kukiona, ukuta kwa kusimama imara muda wote wa hotuba yangu, na zaidi ya wote nawashukuru kinamama hawa kwa kukifanyia kazi kiwanda changu kwa miaka minne bila kujua kwamba kipo, kama ambavyo na mimi nilikuwa najua kwamba hakipo. Sasa tamkeni nami kaulimbiu yetu mpya. Pakiti mbili!

(Wanawake arobaini: "Mkono mmoja!")

Pakiti mbili!

(Shangazi, akiwa ameshafika langoni, mkono wa kushoto juu: "Mkono mmoja! Haya twendeni, jamani, saa nane kasoro tano.")