Faili la Mama Mkunga

Kila Jumatatu asubuhi Msuluhishi alikwenda benki, ingawa hakuwa na akaunti. Aliketi kwenye viti vya kusubiri, karibu na dawati la kadi za mkopo, akafungua gazeti lake na kutega sikio. Wenye shida hawana sauti ya chini, na dawati lile halikuwa na pazia.

Jumatatu hiyo aliondoka pale mama mmoja wa makamo, mwenye miwani na mkoba wa ngozi, mkononi ana barua yenye maandishi mekundu. Akaja kuketi kando yake akihema.

"Milioni moja na laki tisa," akasema, kana kwamba anaiambia barua. "Na mimi nilinunua friji tu."

"Pole, mama," Msuluhishi akajibu bila kuondoa macho gazetini. "Friji ulishamaliza kulilipia zamani. Hiyo sasa ni riba."

"Wewe unafanya kazi hapa?"

"Mungu aniepushe. Mimi nawatetea watu wanaotoka hapa wakilia."

Kabla ya saa sita walikuwa ofisini kwake. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya fundi viatu, na ngazi zake za mbao zililalamika kuliko wateja. Ukutani kulikuwa na cheti kilichotiwa kioo. Kilikuwa cheti cha mafunzo ya huduma ya kwanza, lakini pazia lilikisitiri pale palipohitaji kusitiriwa.

Mpango wa Msuluhishi ulikuwa mwepesi. Mwenye deni aache kulipa benki, asipokee simu za wakusanya madeni, asifungue barua zao, ila kila mwezi ampe yeye kiasi fulani. Deni likishachacha na benki ikishakata tamaa, Msuluhishi atakwenda kujadiliana nao, nao watakubali robo. Wako watu wanaoifanya kazi hiyo kweli, na wanaifanya vizuri. Yeye aliifanya sehemu ya kwanza tu, ile ya kupokea. Mteja akianza kuwa na wasiwasi, Msuluhishi alipiga simu mbele yake, na kule chini fundi viatu aliweka nyundo, akapokea, akasema kwa ukali kwamba kampuni bado inafikiria.

Kwa haki isemwe kwamba mtu huyu aliufuata ushauri wake mwenyewe. Naye alikuwa na deni la kadi, la miaka minne, tangu enzi za suti tatu na viatu vyenye ncha. Hakuwahi kulipa hata senti. Alibadilisha laini za simu mara saba, akahama vyumba vitano, na barua zote zilikwenda kwa dada yake, ambaye aliziwashia jiko bila kuzifungua. Katika maisha yake hakuna jambo lililompa fahari kama hilo.

Isipokuwa moja lililokuwa njiani. Mtaa wa mahakama kulikuwa na chumba cha chini chenye mlango wa kioo, na mwenye nyumba alitaka laki sita ifikapo mwisho wa mwezi. Msuluhishi alikuwa nazo, zimekunjwa ndani ya soksi. Aliutamani mlango ule kwa moyo wake wote. Mtu mwenye mlango wa kioo haulizwi cheti.

"Mimi ni mkunga mstaafu," yule mama akasema, mkoba mapajani. "Ugonjwa huu siumwi peke yangu, mwanangu. Ninao wenzangu kumi na wawili wenye madeni kama haya. Kiinua mgongo wamepewa juzi, pesa wanazo, hawajui wampe nani."

Msuluhishi akafunga gazeti, jambo alilolifanya kwa nadra.

"Waje tu, mama."

"Ni wagumu hao. Wanataka kwanza waone barua moja ya kufutiwa deni, yenye mhuri."

Mhuri haukuwa tatizo. Fundi viatu aliweza kuuchonga kwenye soli kabla ya chai kupoa.

"Na mmoja wao," Mama Mkunga akaendelea, akifuta miwani, "ana binti huko huko benki. Ataihakiki."

Msuluhishi akapiga hesabu kichwani: wakunga kumi na wawili, kila mmoja na laki zake nne tano. Dhidi ya hao, deni moja tu la kusuluhishwa kweli.

"Lipa langu kwa pesa zako," mama akasema kwa upole. "Kiinua mgongo changu kinatoka mwisho wa mwezi, nitakurudishia na asante juu. Nikikudhulumu, si una wale kumi na wawili?"

Asiyetaka hasara hapati faida, Msuluhishi akajiambia, na kwa mara ya kwanza tangu afungue ofisi alipiga simu iliyotoka nje ya jengo.

Alipokea mwanamume mwenye sauti ya usingizi. "Kampuni ya ukusanyaji madeni. Kwa usiri hatutaji majina kwenye simu. Nipe namba ya faili."

Mama Mkunga alikuwa ameiandika kwenye kipande cha karatasi. Msuluhishi akaisoma polepole, tarakimu kumi na moja.

"Ninalo," sauti ikasema, na usingizi ukapungua. "Unasema kwa niaba ya mwenye deni?"

"Yuko mbele yangu hapa."

"Hilo nalijua. Milioni moja na laki tisa."

"Ndugu yangu, tuseme ukweli. Mtu huyu hana kitu."

"Mwambie hana hata kazi ya kueleweka," Mama Mkunga akanong'ona.

"Hana hata kazi ya kueleweka," Msuluhishi akasema. "Anaishi kwa kudra. Ukimpeleka mahakamani utalipa wakili zaidi ya utakachopata. Nakupa laki tatu, leo."

"Kumbukumbu zetu zinasema ni mkorofi. Anahamahama. Anabadilisha simu."

Msuluhishi akamtazama yule mama kwa heshima mpya. Mama akainamisha macho.

"Ni aibu, ndugu yangu, si ukorofi. Aibu humkimbiza mtu. Laki nne."

Wakavutana nusu saa. Alitania, alibembeleza, alikaa kimya pale panapotakiwa kimya, akataja watoto ambao hakuna aliyewazaa. Ajabu ni kwamba alikuwa hodari. Angeweza kula kihalali miaka yote ile, ila hakuna aliyemwambia. Wakafika laki tano na nusu, malipo ya mara moja, kabla ya Ijumaa adhuhuri. Ujumbe wa makubaliano ukaingia kwenye simu: namba ya faili, kiasi, siku ya mwisho.

"Barua tumletee wapi mwenye deni?" sauti ikauliza.

"Ilete kwangu," akasema Msuluhishi, akaitajia anwani yake, mtaa, jengo, ghorofa, na fundi viatu kama alama ya kuelekezea.

Alhamisi akafungua soksi. Dirishani pa kulipia alizihesabu mara tatu, maana hakuzoea kutoa.

Jumanne iliyofuata tarishi alipanda ngazi na bahasha. Msuluhishi aliifungua kwa uangalifu, ikiwa barua ya kwanza ya wakusanya madeni kuifungua maishani. Karatasi nzuri, mhuri wa kweli, saini mbili. *Deni limesuluhishwa na kufutwa kabisa.* Juu yake kulikuwa na jina la mwenye deni. Majina matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Yake.

Akasoma mara ya pili, halafu akageuza karatasi aone kama nyuma kuna maelezo. Akaketi. Simu ikalia.

"Hongera, mwanangu," akasema Mama Mkunga. "Miaka minne nimekutafuta. Picha yako iko mezani kwangu, yenye zile suti. Nimekusanya madeni kwa miaka kumi na tisa na sijampa mtu punguzo kama lako, lakini ulijitetea vizuri. Mwenzangu alikaribia kulia."

"Ulijuaje nilipo?"

"Kila ninayempigia simu ananiambia amekatazwa kuongea nami na bwana wa juu ya fundi viatu. Waliponieleza ulivyo, nikaja kukuona kwa macho yangu."

Laki tano na nusu, na mlango wa kioo, na ile fahari yake. Vyote vimekwenda kulipa deni ambalo alikwisha kulishinda. Alitaka kulia na akajizuia.

"Na wale wakunga kumi na wawili?"

"Ukunga nilitia chumvi, na kiinua mgongo pia. Ila kumi na wawili wapo. Ni wateja wako. Nimewapa nakala ya barua yako waone kazi yako."

Ngazi za mbao zikaanza kulalamika. Zililalamika kwa muda mrefu. Wa kwanza kuingia alikuwa kinyozi mnene aliyekuwa akileta elfu ishirini kila mwezi tangu mwaka juzi. Nyuma yake muuza mitumba, kisha dereva wa lori, kisha mjane na nduguye, hadi chumba kikajaa na waliobaki wakasimama ngazini. Kinyozi akaketi bila kukaribishwa. Akaweka mezani barua yenye maandishi mekundu, akaisogeza simu mbele ya Msuluhishi.

"Kumbe unaweza," akasema. "Basi anza na langu. Ada tulishalipa."