Escalade, Navigator na Gari la Mikate

Jumatatu, 7 Aprili

Sijawahi kumwambia mtu hili, hata Mama. Tangu nianze sekondari sijapita mlango wa mbele wa shule asubuhi hata mara moja. Miaka miwili! Nashukia nyuma, geti la jikoni, karibu na mapipa ya taka. Gari letu, lililokuwa la duka la mikate kabla halijawa letu, lina picha ya mkate ubavuni, imechujuka, na mlinzi anadhani tunaleta mikate. Hutufungulia, hupunga mkono. Baba naye humpungia, akidhani ndio utaratibu wa shule. Hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake. Mimi ndio kabisa, nimefunga mdomo.

Mbele kuna ngazi kumi na mbili, na wanafunzi wamejaa juu yake wakiangalia nani anashuka kwenye nini. Binamu yangu Lamis ndiye mwenyekiti wao. Mimi watu wanne wakiniangalia kwa pamoja nasahau jinsi ya kutembea.

Leo chakulani Baba katangaza: gari la mikate linauzwa. Juni kuna harusi Toledo, na hawezi kufika mbele ya ukoo mzima na mkate ubavuni. Halafu kuna magoti ya Bibi, yanamuuma akipanda. Anataka gari kubwa la heshima, Escalade au Navigator, moja kati ya hayo.

Magari hayo hayapiti geti la jikoni. Mlinzi gani ataamini kwamba mikate inaletwa juu ya viti vya ngozi?

Jumanne, 8 Aprili

Nimelala vibaya, nimeamka na mpango.

Hapa Dearborn, mji wa viwanda vya magari, punguzo la kiwandani ni kama sahani ya chakula: ndugu akikuletea, unakula. Ami Munir, kaka yake Baba, anafanya kazi kwa watengenezaji wa Navigator. Anaruhusiwa punguzo moja la jamaa, amemwekea Baba. Mjomba Ghassan, kaka yake Mama, yuko kwa watengenezaji wa Escalade. Naye anayo moja, naye amemwekea Baba. Akichukua la huyu, amemrudishia yule sahani. Na Baba hajui kukataa. Tuna mashine tatu za kufyonza vumbi kwa sababu ya mchuuzi mmoja mwenye sauti ya huzuni.

Kwa hiyo magari yakilingana kabisa, Baba hatathubutu kuchagua. Ataahirisha. Harusi itapita. Gari la mikate litabaki. Rahisi!

Na nani atayalinganisha? Mimi. Siku za wiki nasoma Kiingereza, Jumamosi nasoma Kiarabu, na kila karatasi inayoingia nyumba hii hupita kinywani mwangu kabla haijamfikia Baba. Jioni kaniletea vijitabu vya magari yote mawili, akaniambia nimwandalie jedwali la haki, lenye alama. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba nitajaribu.

Jumatano, 9 Aprili

Jedwali ni kazi ya punda. Ukubwa wa skrini: zote zinatoka karibu mlango hadi mlango, kama sinema. Escalade milango inajifungua yenyewe. Alama kwake. Navigator mlango wa nyuma unakatika vipande viwili, cha chini unaweza kukikalia ukila. Alama kwake. Ngazi ya kumpandishia Bibi: yote mawili. Viti vya kukanda mgongo: yote mawili.

Nilipojumlisha, Escalade ilikuwa mbele kwa alama moja. Nikaongeza kipengele cha harufu ya ndani, nikaipa Navigator moja zaidi. Sijawahi kunusa lolote. 46 kwa 46. Nilijiona mchafu kidogo, kisha nikala.

Shuleni Lamis aliniuliza mbele ya wote kama leo nimeleta ngano au shayiri. Jibu nitalipata baada ya siku tatu, kama kawaida yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Hatari! Ami Munir kaja na Navigator aliyoazima kazini. Kampandisha Bibi mbele, kabonyeza kitu, kiti kikaanza kumkanda mgongo. Bibi kalala papo hapo, mbele ya nyumba, mdomo wazi, dakika arobaini. Alipoamshwa alisema tangu aondoke Lebanoni hajawahi kulala hivyo, wamwache humo humo, chakula wamletee. Ami akamtazama Baba kwa jicho la ushindi. Baba akaanza kulegea. Nikaona kabisa anavyolegea.

Nikaingia bafuni, nikamwandikia Mjomba Ghassan ujumbe: Bibi amelala ndani ya Navigator. Maneno hayo tu.

Dakika ishirini baadaye Escalade nyeusi ikaingia mtaani kwetu. Pa kuegesha hapakuwapo, kwa kuwa Ami alikuwa amejaza njia ya nyumba na hakukusudia kusogea. Mjomba akaiacha katikati ya barabara, akateremka taratibu.

"Shemeji, hiyo ni gari au tawi la benki?" Ami akauliza.

"Benki," Mjomba akajibu. "Naona ninyi mmemletea mama wa watu kitanda cha wodini."

Wakacheka wote wawili, kwa meno ya mbele tu. Mama akatoa kahawa. Bibi kahamishwa kwenye kiti cha Escalade, nacho kikamkanda, akalala tena. Baba akawa anatazama gari hili, anatazama lile, kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Nilimwonea huruma. Lakini mizani ilikuwa imerudi sawa!

Jumamosi, 12 Aprili

Nimerudi kutoka Kiarabu na wazo bora kuliko yote. Tepu ya kupimia! Nimepima banda la gari, nimesoma vijitabu. Lolote kati ya hayo mawili likiingia, mlango haufungiki. Kwa nini sikufikiri hili mapema? Nikawakusanya kina Baba, nikatangaza kwa sauti ambayo kwangu ni kubwa kwamba hayaenei.

Wakacheka mpaka Mama akashika ukuta.

Ndipo nikatazama nyuma yangu. Ndani ya banda kuna makochi mawili, televisheni, jiko la pili la kukaangia samaki, friji la pili, mitungi ya achari na meza ambayo Bibi anakunjia majani ya mzabibu. Tunaishi humo kuanzia Aprili mpaka theluji. Baba, akifuta machozi, akaniuliza ni lini nimewahi kuona gari ndani ya banda la gari, mtaa huu mzima.

Nimezaliwa hapa. Nina miaka kumi na sita. Nimechoka.

Jumapili, 13 Aprili

Siku ya hukumu. Wote walikuja kula. Baba kaniita mbele nisome jedwali. Watu watano wakinitazama! Nikasoma kwa Kiarabu nikiwa nimeikodolea macho karatasi. Nilikimbiza maneno mpaka kipengele cha mlango wa nyuma, hapo nikapunguza mwendo. Nikafika mwisho. Arobaini na sita kwa arobaini na sita.

Mjomba Ghassan akataka kujua nani alinusa. Nikasema mimi. Akataka kujua lini. Bibi akamwambia amwache mtoto, mtoto ana pua nzuri, kairithi kwake.

Nilijua ninachosubiri. Baba alikuwa karibu kusema tuache kwanza, tutaona baada ya harusi. Mdomo ulishafunguka. Naapa ulishafunguka!

Mama ndiye aliyesema. Wiki nzima hakuwa ametia neno. Ana duka lake la dawa, na akiongea huongea mara moja.

"Yamelingana, si ndiyo? Basi. Wewe kodi la kaka yako, mimi nakodi la kaka yangu. Miaka mitatu mitatu. Na hilo la mikate litoke kesho, nahitaji nafasi ya kuegesha."

Ami akapiga meza. Mjomba akambusu Ami, Ami akambusu Mjomba. Nyumba nzima ikasimama. Baba akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema bila jedwali langu ndugu wangegombana, sasa kila mmoja sahani yake imeliwa. Macho yake yalikuwa na maji. Nikamwambia si kitu, Baba.

Nikaenda kukaa ndani ya gari la mikate. Bado linanuka ufuta na zaatari, kiungo cha mikate ya kwetu. Harufu ya ndani: kumi kwa kumi.

Jumatano, 16 Aprili

Sitaki kuandika, naandika.

Magari yalifika jana. Leo asubuhi kila mmoja akataka kunipeleka shule yeye. Kwa haki, wakaamua wote. Baba mbele na Navigator, Mama nyuma na Escalade, Bibi ndani kwa Mama, dirisha wazi, akipiga vigelegele. Mlango wa mbele. Ngazi kumi na mbili. Mimi nilikuwa kwa Mama. Mlango ukajifungua wenyewe, polepole, kama pazia la jukwaa. Nikateremka. Nikasahau jinsi ya kutembea.

Lamis alitazama tu, kisha akasogea nipite. Hiyo nayo ni mbaya, sijui kwa nini.

Jioni simu kutoka Toledo. Mume wa mama mdogo, ambaye anafanya kazi kwa watengenezaji wa Wagoneer, amesikia. Ameumia. Naye ana punguzo, mbona hakuulizwa? Baba kaweka simu chini, uso umemshuka. Kaniuliza kama naweza kumwandalia jedwali jingine, safari hii la magari matatu.

Nimekubali kabla hajamaliza kusema! Maana nimeona nilipokosea. Mawili yakilingana, mtu anaweza kuchukua yote. Lakini matatu? Matatu yakilingana ni mengi mno. Watachoka, watarudisha kila kitu, Baba atakwenda kulitafuta gari la mikate alikoliuza. Nimeshachora safu. Wagoneer bado inahitaji alama tano, nitazipata kwenye harufu, na kwenye vishikio vya viko

Nyayo. Baba anakuja, nafunika.