Injinia na Pikipiki Inayochemka

Injinia aliiona pikipiki kabla hajamwona mwenye pikipiki, na ndivyo alivyopenda, maana mwenye mali huharibu mandhari.

Ilikuwa imeegeshwa nje ya ukumbi wa sherehe: kubwa, nyekundu, ya zile zenye injini inayopozwa kwa maji, rejeta imekaa mbele kama kifua cha askari wa gwaride. Nyuma lilifungwa sanduku jeupe lenye neno KEKI. Hakuna mlinzi. Hakuna mnyororo wa kuifunga. Injinia aliizunguka mara moja, taratibu, kama mtu anayemzunguka ng'ombe mnadani, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji, unaona nini?"

"Naona keki," alisema shemeji, ambaye alikuwa na njaa.

"Mimi naona maiti."

Injinia hakuwahi kusomea uinjinia, kama vile kobe hakuwahi kusomea ujenzi, na hata hivyo kila mmoja alipata pa kuishi. Kazi yake ilikuwa kuua pikipiki nzima. Aliziua kwa dakika chache, akazinunua kwa bei ya vyuma chakavu, akazifufua siku hiyohiyo na kuziuza kwa bei ya walio hai. Wengine huita wizi. Yeye aliita tiba iliyokwenda kinyumenyume.

Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa mtu mnene mwenye uso wa huruma, na uso huo ndio uliokuwa mtaji wa kampuni. Injinia alitangaza msiba. Shemeji alitokea kama mpita njia anayenunua vyuma, akawahurumia wafiwa.

Injinia aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Vidole viwili vikapenya nyuma ya rejeta, vikachomoa waya wa feni. Basi. Pikipiki ikiwa mwendoni, upepo wa barabarani ungeipoza rejeta bila shida. Ikikwama kwenye foleni bila feni, maji yangechemka kama ya chai. Hakukagua kingine chochote. Tabibu anayejua kwamba mgonjwa wake ni mzima hana haja ya kumpima.

Mwenye pikipiki alitoka ukumbini akijipangusa unga kwenye aproni. Mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sura, mwenye macho ya mtu anayeamini kila anachoambiwa, au ndivyo Injinia alivyoyasoma. Akavaa helmeti, akawasha, akaondoka. Nyuma yake, kwa umbali wa heshima, walifuata Injinia na shemeji wamepakizana juu ya pikipiki ndogo nyeusi.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuiheshimu hiyo pikipiki ndogo. Injinia alikuwa amewahi kumdanganya mkewe, mama yake mzazi, na mfiwa mmoja kando ya kaburi. Pikipiki ile hakuwahi kuidanganya. Oili aliibadilisha kabla haijawa nyeusi. Cheni aliisafisha kwa mswaki. Injini yake ilipozwa kwa upepo tu, kwa hiyo kila Jumapili alichuchumaa akatoa tope katikati ya mapezi ya silinda kwa kijiti, pezi moja baada ya jingine, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Ilikuwa inawaka kwa kiki moja.

Foleni iliwakamata karibu na karakana za maseremala. Haukupita muda, mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye pikipiki nyekundu, kwanza uzi mwembamba, kisha wingu. Injinia aliruka chini kabla pikipiki yake haijasimama vizuri.

"Zima, mama! Zima! Unaiua!"

Mama Keki akazima. Wakaisukuma kando, mbele ya mabenchi ya maseremala, na mkono wa mama ukaelekea kwenye kifuniko cha rejeta.

"Usiguse!" Injinia akaudaka. "Ikiwa na moto hivi ukifungua, maji yatakurukia usoni. Wachumba watakukimbia."

"Wachumba walishakimbia, mwanangu, na wala hapakuwa na rejeta," alisema Mama Keki. "We ni nani?"

"Watu huniita Injinia."

"Ah," alisema mama, na uso wake ukachangamka kidogo. "Injinia. Mungu hamtupi mja wake."

Injinia akapiga magoti, akagonga injini kwa ukucha, akasikiliza. Akatikisa kichwa. Akanusa, akatikisa tena. Katika kazi yake, kutikisa kichwa kulikuwa nusu ya bei. Mfukoni mwake alikuwa na vifuniko vya oili vya pikipiki za kila aina, vyote vimepakwa ute mweupe aliokuwa ameukoroga mwenyewe kwa oili na maji, kwa mwiko wa mkewe. Akafungua kifuniko cha oili cha pikipiki ya mama. Mkono mmoja ukapita juu ya mwingine. Cha kweli kikazama mfukoni bila kutazamwa, cha uongo kikapanda juu kikiwa kimevaa ute wake.

"Mama, uko tayari kuambiwa ukweli?"

"Niambie tu."

"Unauona huu weupe? Haya ni maji, yameingia kwenye oili. Gasketi ya silinda hedi imekufa. Maji na oili ndani ya injini ni kama mke na hawara: kila mmoja ana njia yake, na amani ipo. Siku wakikutana, nyumba inaungua."

"Kwa hiyo imekufa?"

"Imekufa. Kilichobaki ni mazishi."

Mama Keki alikaa juu ya kipande cha mbao, akashika tama. Hakulia. Jambo hilo lilimshangaza Injinia kidogo, maana kwa kawaida hapo ndipo walipolia, lakini alilihesabu kuwa ni mshtuko.

Shemeji akatokea kutoka upande wa pili wa barabara, akitembea kama mtu asiye na lake. "Poleni jamani. Msiba gani? Mimi nanunua vyuma, lakini roho inaniuma, mama, acha niongeze kidogo." Akatoa noti, akazikunjua polepole, uso umejaa huruma.

Mama alizitazama noti zile, akazisukuma kando kwa mgongo wa mkono.

"Hela sitaki. Hela nitaila, kesho nitakuwa sina hela wala pikipiki. Keki zangu zinataka miguu. Anayeitaka hii anipe kinachotembea." Macho yake yakatua kwenye pikipiki ndogo nyeusi. "Kwa mfano, ile."

Seremala mmoja alisimamisha randa yake.

"Ile?" alisema Injinia. "Ile ni ndogo, mama."

"Na mimi si mkubwa."

Shemeji akamvuta mkono, wakasogea kando. "Shemeji, hiyo unaiosha kuliko unavyoosha wanao. Tuondoke. Wapo wengine."

"Wewe huoni. Nyekundu moja ni sawa na nyeusi nne."

"Lakini mbona halii? Mimi akinitazama nahisi kama ndiye anayenionea huruma."

"Shemeji, mwenye uso ni wewe, mwenye akili ni mimi. Kila mtu abaki na idara yake."

Pupa ni mwalimu mbaya lakini ana sauti nzuri. Injinia alirudi, akaweka mkono kifuani, akatoa pumzi ndefu ya mtu anayetoa figo.

"Mama, mimi nina mama pia. Chukua. Nitaumia mimi, wewe usiumie."

"Mungu akuzidishie hivyohivyo," alisema Mama Keki. "Ila nifundishe kuitunza. Hii nyekundu huenda niliiua kwa kutojua."

Basi likatokea jambo ambalo shemeji hakuwahi kuliona: Injinia alisema ukweli mfululizo. Alichuchumaa kando ya pikipiki yake, akasahau kabisa kwamba yuko kazini. Akamwonyesha namna ya kupima oili ikiwa imesimama wima, wala isiwe imelalia stendi ya pembeni. Akamwonyesha cheni: ukiisukuma kwa kidole icheze kidogo, isikaze kama waya wa gitaa, isilegee kama mkanda wa mlevi.

"Na haya mapezi, mama, ndiyo mapafu yake. Tope likiziba hapa, joto halina pa kutokea. Toa kwa kijiti, taratibu, chuma chake ni laini. Na usije ukaimwagia maji baridi ikiwa imetoka safari. Isubiri ipoe. Hata wewe ukitoka jikoni huingii kwenye barafu."

"Plagi je?"

"Plagi toa, safisha, rudisha kwa mkono kwanza, spana baadaye. Ukianza na spana utaharibu nyuzi." Akafungua kiti, akatoa mkoba wa spana. "Chukua na hizi. Zimeizoea."

Sauti yake ilikuwa imelainika, na shemeji aliangalia pembeni kwa adabu.

Mama Keki akainuka, akawaita maseremala. "Jamani, naomba masikio yenu, tusije tukarudiana kesho. Injinia, hii nyekundu umeiona?"

"Nimeiona."

"Ni nzima au ni mbovu?"

"Mbovu," alisema Injinia kwa sauti ya kuridhisha mahakama. "Gasketi imekufa, maji yameingia kwenye oili."

"Nani kasema? Mimi?"

"Nimesema mimi mwenyewe."

"Na unaichukua hivyohivyo, hainirudii?"

"Hivyohivyo. Haikurudii."

"Mmesikia?" Maseremala wakasema wamesikia. Mama akahamishia sanduku lake kwenye pikipiki nyeusi, wakapeana funguo na kadi, akapiga kiki moja, ikawaka. Akaondoka akiwa amenyooka mgongo, na kwenye kona aliashiria kwa taa kabla ya kukata, kama mtu aliyeendesha maisha yake yote.

Injinia alisubiri apotee. Kisha akachomeka waya wa feni, akangoja rejeta ipoe, akaijaza maji bila kuchungulia ndani, akawasha. Injini ilinguruma. Feni ilizunguka. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Panda, shemeji! Leo tunarudi nyumbani kwa rangi nyekundu."

Walipita sokoni wakitazamwa. Walipita stendi, Injinia akapiga honi bila sababu. Walipoanza kupanda mlima wa kuelekea kwao, injini ikapoteza nguvu. Akashusha gia. Ikapoteza tena. Nyuma yao ukatoka moshi mweupe, mzito, uliomfanya mama mmoja aanue nguo zake kambani. Feni ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, na hata hivyo mvuke ukaanza kupanda mbele.

"Shemeji," alisema shemeji kutoka nyuma, akivuta hewa puani, "kuna mtu anachemsha mayai?"

Pikipiki ikakohoa, ikatoa mlio wa kijiko kwenye sahani ya bati, ikazima. Walibaki katikati ya mlima, miguu minne ardhini.

Injinia alishuka. Alingoja ipoe, akafunika kifuniko cha rejeta kwa shati lake, akakifungua. Ndani, juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, vilielea vipande vyeupe, laini, vilivyoiva vizuri. Ute wa yai. Mtu alikuwa amemimina mayai kwenye rejeta ili yaive na kuziba tundu, na mtu huyo hakuwa na uhaba wa mayai.

Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe. Ukatoka na kifuniko cha oili, kile cha kweli, alichokificha bila kukitazama. Sasa alikitazama. Kilikuwa kimevaa ute mweupe mzito kuliko ule wa mwiko wa mkewe.

"Nitarudi kwake," alisema Injinia. "Nitarudi kwake sasa hivi!"

"Utamwambia nini?" aliuliza shemeji kwa upole. "Kwamba ulimdanganya kuwa ni mbovu, kumbe ni mbovu?"

Katika miaka yote ya kazi, hii ndiyo siku aliyopima ugonjwa sawasawa.

Wakaisukuma. Mara moja tu, Injinia aliposikia kwa mbali pikipiki ndogo ikipita mtaa wa chini, mlio wake safi bila kikohozi, alisimama akageuza kichwa, na shemeji aliona macho yake yamelowa. Hakumtania. Alisukuma kwa nguvu zaidi.

Gereji ya kwanza waliyoikuta ilikuwa ya fundi mrefu aliyevaa ovaroli fupi. Hakugusa hata spana. Aliiona ikiingia getini, akaweka chini kikombe chake, akaanza kucheka kwa mabega.

"Unaijua hii?" aliuliza Injinia.

"Naijua kama ninavyomjua mama mkwe wangu. Hedi imepasuka, gasketi imeungua, rejeta inavuja. Mimi ndiye niliyemwambia Mama Keki haiponi. Nikamwambia, mama, iuze vipande vipande, maana namna inavyotoa mvuke, hakuna mjinga atakayeichukua."

"Akasemaje?" aliuliza shemeji.

"Akasema, 'Mjinga simtaki, fundi. Mjinga akiona mvuke atakimbia. Mimi natafuta mwerevu.'"