Kuhusu Maman na Kozi Zenu Nne za Bure

Kamembe, tarehe 6 Juni 2024

Kwa Bwana Vénuste, Msimamizi wa Chumba cha Kompyuta cha Maktaba

Ndugu Msimamizi,

Nakuandikia kwa heshima, mimi Damascène Hitimana, kiongozi wa kwaya na mtoto wa Maman Antoinette, fundi cherehani wa miaka sitini na minane ambaye mlimfundisha kufungua kozi za vyuo vikuu zisizolipiwa. Naomba mzipunguze. Sababu ni hizi:

1. Hakuchagua kama watu wanavyochagua. Nilitegemea achukue moja, ya lishe kwa mfano. Siku ya kwanza alichukua udongo, takwimu, sheria ya mikataba na elimu ya nyota. Nikamsihi abaki na moja. Akajibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, alikosoma akiwa msichana: “Bukavu balinichagulia moja tu, kushona. Sasa ni mimi njo nachagua.”

2. Udongo. Alichota udongo wa shamba langu la Nkungu, akautia katika chupa zenye maji, akazipanga mezani. Shemeji yangu Sibomana alidhani ni chai ya maziwa. Maman akatangaza kwamba shamba lina asidi, akamwaga chokaa, na maharagwe yakazaa mpaka aibu. Miaka tisa nilikuwa nimewaeleza watu kwamba jirani yangu Nyirakamana ameniroga. Ilinibidi nikamsalimie.

3. Takwimu. Mchungaji aliposema kwaya imeendelea tangu niishike, Maman alinyoosha mkono katikati ya ibada, akauliza imeendelea kwa kipimo gani. Tulikuwa thelathini na mmoja. Tumebaki kumi na wanne. Alikuwa na mchoro.

4. Mikataba. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka jana nilimwandalia Maman karatasi ya kunikabidhi nyumba yake ya Cyangugu, ile inayotazama ziwa, ili apumzike. Akasaini bila kusoma, kama mzazi. Baada ya wiki tatu za kozi yenu akaitoa sandukuni, akavaa miwani, akaisoma mara mbili. “Damascène, hapa mimi natoa nyumba. Wewe unatoa nini?” Nikasema, mapumziko. “Mapumziko iko ku ukurasa gani?” Ndugu Msimamizi, karatasi ilikuwa na ukurasa mmoja. Hakupiga kelele. Aliikunja, akanipikia, na tangu siku ile naona haya kumtazama tukila.

5. Sasa wanawake kumi na mmoja hukaa barazani kwake kila Jumamosi wakichagua kozi. Mke wangu Joselyne ni wa tatu kwenye orodha. Ameshaanza kuuliza maswali.

Kwa hiyo naomba kila mzee apewe kozi moja tu. Ichaguliwe na mtoto wake wa kiume. Na isiwe na mtihani, maana wakifaulu hawashikiki. Elimu ya nyota mwachieni. Mpaka sasa haijanigusa.

Nisalimie wenzako wote wa maktaba, pamoja na yule dada wa mapokezi anayemkumbusha Maman neno lake la siri.

Wako niliyejeruhiwa na elimu,
Damascène Hitimana

Nyongeza: Ukiona barua imepangika, ni kazi ya Maman. Aliisoma yote, akarekebisha koma sita, akasema mlalamikaji ana haki ya kusikilizwa. Halafu akanijazia fomu ya kujiandikisha, niliyoiambatanisha hapa. Mimi niliishia darasa la sita. Nimechagua kozi mbili. Naomba kiti kando ya chake.