Shimo Langu Chini ya Jukwaa

Jumatatu, 4 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Meneja anataka kuliziba shimo langu! Ukumbi huu wa michezo umepita miaka mia, na miaka kumi na tisa nimekaa mimi humo chini ya jukwaa, nikiwanong'onezea waigizaji maneno wanayosahau. Jumamosi seremala anakuja na mbao. Eti Mfalme kasema hanihitaji. Mfalme! Tunamwita hivyo mwigizaji wetu mkuu kwa kuwa hakubali kuigiza mtu mwingine ila mfalme. Hajawahi kukariri hata ukurasa mmoja. Mke wangu kanishauri nikamwombe meneja kistaarabu. Niombe? Mimi? Alhamisi kwenye onyesho nitafunga mdomo. Akwame, aumbuke.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefunga. Mfalme alipofika mchezoni kwenye kifo cha mwanawe, akakwama. Akalitazama shimo. Nikatafuna karanga. Akatazama tena, jasho linamtiririka, mwisho machozi yakamtoka kwa woga. Ukumbi mzima ukalia naye! Wakasimama, wakapiga makofi mpaka vumbi la dari likatuangukia. Meneja anasema hajapata kuona uchungu ulioigizwa vile. Wajinga wote.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi Mfalme kapiga magoti mbele ya shimo.

"Kaka, nisamehe. Bila wewe mimi bubu. Leo nisomee vizuri tu, nikimaliza nitamwambia meneja ukweli, shimo libaki."

Nikakubali. Nilikuwa nimeshinda! Lakini kila nikiyakumbuka yale makofi, hasira zinanipanda upya. Kwa nini ukweli ausikie meneja peke yake? Basi katikati ya hotuba ya vita nikamnong'oneza: "Sijui hata mstari mmoja. Mshukuruni aliye shimoni." Yeye hafikirii, hurudia tu. Kayatamka yote kwa sauti ya radi, mkono juu. Watu wakacheka mpaka kiti kimoja cha enzi za mababu kikavunjika. Mfalme katoroka kwa mlango wa nyuma, taji kichwani. Kwa meneja hakupita kunitetea.

Jumamosi, 9 Machi

Seremala kaja. Nikakataa kutoka. Meneja akamwambia apigilie tu. Kapigilia! Naandika kwa mwanga wa ufa. Mke wangu kanipitishia chai kwa mrija, akaniuliza kama sasa nitaomba radhi. Thubutu! Jioni Mfalme anapanda tena jukwaani, juu ya kichwa changu. Nimeshaamua. Safari hii hapati hata neno moja. Tuone kama watampigia makofi.