Meza ya Dirishani ni ya Watu Wawili

Jumatatu, 4 Novemba

Nimefukuzwa mgahawani. Kwa heshima zote, lakini nimefukuzwa.

Nilitoka kazini mapema, nikavaa koti la kijivu kama la yule mume kwenye *Wali wa Mwisho*, nikaenda mtaa wa migahawa ya kuku. Filamu hiyo nimeiona mara ishirini na tisa. Watu wa ng'ambo wameipa tuzo mwezi wa tano. Mimi niliipa yangu mapema, tulipokuwa watu wanne ukumbini na mmoja amelala. Mke na mume wameshatia saini talaka, wanakula kuku wa pilipili kwenye kikaango kimoja kinachopikia hapo hapo mezani, dakika kumi na moja bila neno. Feni ya moshi inavuma. Kioo cha dirisha kinafunikwa na mvuke. Mwishoni wali unakaangwa kwenye masalia ya mchuzi, mke anakwangua ukoko, anamwekea mume bakulini. Basi. Taa zinawaka na wewe huwezi kusimama.

Meza yenyewe ya kwenye filamu ipo hapa hapa mjini kwetu Chuncheon, kwa Bibi Bok, ambaye wateja wote tunamwita Mama Mdogo. Akauliza tuko wangapi. Nikasema mmoja. Akasema kuku wake huuzwa kuanzia sahani mbili. Nikasema nitakula zote mbili. Akasema tumbo langu halimhusu, yeye anahesabu vichwa: tangu ile tuzo, meza ya dirishani ni ya watu wawili wawili, na foleni ndiyo ile. Tena nifanye haraka kutafuta mtu, maana Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho. Anafunga moja kwa moja. Magoti yamegoma.

Siku tano! Mtu mmoja tu. Atanishinda kumpata?

Jumanne, 5 Novemba

Nimemwandikia Kyung-ok. Mke wangu yuko Daejeon kwa dada yake, kwa muda. Huu mwaka wa sita. Sikuomba. Nilimwarifu tu kwamba kuna kiti. Ile namba moja pembeni ya ujumbe imetoweka saa nne na dakika kumi, kwa hiyo amesoma. Bila shaka anatazama ratiba ya treni.

Jioni nikapita sinema ndogo. Mwalimu Maeng, yule mama anayefundisha piano, yuko kwenye kiti changu! Yeye ameiona mara thelathini na moja, na huitaja idadi hiyo kama mtu anayetaja wajukuu. Akaniuliza kwa huruma kama bado naamini mke anakwangua ukoko kwa mkono wa kushoto. Nikasema siamini, najua. Akasema ni wa kulia, na kwamba miwani inauzwa kila kona, Bwana Pyo. Kiburi kitupu. Nikatoka kabla filamu haijaanza. Anakaa peke yake sikuzote, mkoba wake kwenye kiti cha pili kama mgeni rasmi.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango! Mimi ni karani wa ofisi ya maghorofa yetu, na kipaza sauti kiko mezani kwangu. Kinasikika sebuleni mwa nyumba mia nne na themanini, na hakuna awezaye kukizima. Baada ya tangazo la kusafisha matangi ya maji nikaongeza, kwa sauti ile ile ya kiserikali, kwamba anatafutwa mkazi mmoja, mwenye tabia njema, apendaye kuku na ukimya. Afike ofisini mara moja.

Simu thelathini! Mtoto wa nyumba 210 ameamshwa. Mwenyekiti wa wakazi ameuliza kama nimekunywa. Aliyefika ni mmoja tu, bwana wa 704. Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti. Kumbe amekuja kushtaki kwamba watoto wa 804 wanaruka juu ya kichwa chake. Nikamuuliza kama anapenda kuku. Akasema anapenda usingizi.

Kyung-ok hajajibu. Treni za Daejeon hujaa sana.

Ijumaa, 8 Novemba

Jana sikuandika. Nilikuwa nafanya mazoezi ya uongo.

Uongo wenyewe: mwenzangu anaegesha gari. Nani atabisha? Pale mtaani kupata nafasi ya gari ni kama kupata kazi. Nikaingia saa sita mchana, nikausema, nikakaa. Dirishani! Kiti cha mume! Kwenye kiti cha pili nikatandaza skafu ambayo Kyung-ok aliisahau, kwa muda. Dakika kumi. Ishirini. Kabichi inalainika, kuku anaanza kuiva. Mama Mdogo akapita akauliza kama hilo gari linaegeshwa Seoul.

Ndipo nikasikia mlangoni sauti ninayoijua ikisema kwamba mwenzake anaegesha gari. Mwalimu Maeng!

Mama Mdogo akamtazama yeye. Akanitazama mimi. "Kumbe ni ninyi kwa ninyi! Basi magari yote yameshaegeshwa. Kaa hapo dada, kuku anaungua." Akaondoa skafu, akamfunga aproni ya wateja ya kuzuia mchuzi kabla hajafungua mdomo.

Tukaanza na umri, ili ijulikane nani wa kumheshimu nani. Wote tumezaliwa mwaka mmoja, ule wa Farasi kwa kalenda ya wanyama. Yeye Machi. Nikasema mimi Februari. Akaomba kitambulisho. Oktoba. Akasema basi nimwite dada, na nimpunguzie pilipili. Tukagombana kuhusu mkono hadi viazi vitamu vikaisha.

Kisha tukanyamaza. Feni ikavuma. Kioo kikafunikwa na mvuke. Nadhani zilifika dakika kumi na moja, ila sikutazama saa. Kosa kubwa la utafiti. Wali ukaja. Mwalimu Maeng akakwangua ukoko wote, taratibu, akaniwekea bakulini.

Kwa mkono wa kulia! Nikamwambia pale pale kwamba amekosea.

Akaweka kijiko chini. Alipokuwa anaondoka akaomba namba yangu ya simu. Bila shaka anataka nimtumie ushahidi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimepita kwa Mama Mdogo. Pamefungwa. Ile meza imesimamishwa ukutani, miguu nje.

Nikaenda sinema, mara ya thelathini. Nimegundua jambo ambalo hakuna aliyelisema. Tukio lote la ukoko limepigwa picha kupitia kioo cha dirisha! Tunachokiona ni taswira iliyogeuzwa na kioo. Mkono wa kushoto ni wa kulia. Aliyeitengeneza hii filamu ni mtu wa ajabu. Nilitaka kumgeukia mtu nimwambie. Kiti cha pembeni kilikuwa tupu, hata mkoba haukuwepo. Nimeamua hii ni siri yangu.

Nilipotoka nikakuta ujumbe wa Mwalimu Maeng kwenye kioo cha simu. Mgahawa wa jirani nao haupokei mtu mmoja. Jumamosi saa sita mchana. "Njoo, mdogo wangu."

Mdogo wangu! Nimeusoma hapo hapo juu ya kioo tu, sijaufungua. Kwake ile namba moja itabaki pale pale, ajue ana shughuli na mtu mwenye shughuli zake. Nampa mwezi mzima. Atanyooka.

Nimemwandikia Kyung-ok kwamba Jumamosi saa sita mchana niko huru. Namba moja imetoweka papo hapo. Treni za Jumamosi huwa hazijai.