Mgeni wa Ukurasa wa Penina

Jumatatu, 9 Juni 2025
Upepo. Vumbi mpaka kwenye chai. Mafuta yetu ya alizeti hayatoki, na shemeji yangu Lameck, anayeyakamua kule Zuzu, amekuja Nzuguni na neno lake lile lile. Eti tuitoe picha ya dada yake kwenye tovuti tunayouzia. Eti mteja akijua mwenye picha ni marehemu, anaona mkosi. Mkosi! Penina wangu! Nguo zake ndugu waligawana baada ya mazishi, mpaka kanga ya mwisho, sikusema kitu. Hii picha siitoi. Amevaa kitenge cha njano, ameshika dumu, anamcheka mpiga picha. Mpiga picha mimi. Ninayo pia kwenye simu yangu, lakini humo ni marehemu. Kwenye tovuti bado yuko kazini.

Elieth, binti yetu anayesoma kompyuta chuoni, akaamua ugomvi. Tusibishane, tupime. Tovuti iwagawe wageni: nusu waone ukurasa wenye mama, nusu waone wenye dumu peke yake. Simu ikishapangiwa ukurasa mmoja, itaona huo huo siku zote. Wiki ikiisha, ulioshindwa unafutwa. Lameck akakubali. Nami nikakubali, ila nikachomeka sharti langu: tupime muda ambao mgeni anakaa, si mauzo. Hakuna aliyeshtuka. Nani atamwona Penina aondoke haraka? Nimewaweza!

Jumatano, 11 Juni
Penina anaongoza! Elieth amenipigia. Dumu limeuza kidogo, mama hajauza hata chupa, lakini mgeni wake habanduki. Mgeni gani? Hapo Elieth akasitasita. Akasema anayekaa sana ni simu moja tu, iko hapa hapa Dodoma. Inafungua alfajiri, inafungua mchana, jioni ndiyo haitoki kabisa. Nilifurahi mpaka ugali ukapoa. Kisha kitumbua kikaingia mchanga. Ni mwanamume gani huyo anayemkodolea macho mke wangu kutwa nzima?

Ijumaa, 13 Juni
Nimemjua. Ambokile! Jirani yangu, karani aliyehamia huku na wizara yake. Zamani alikuwa haishi kuja kununua mafuta, na chakula chenyewe anakula mgahawani. Mafuta alikuwa anapaka?

Jioni nikajibanza nyuma ya simtanki lake la maji. Baridi hii ya Juni, we acha tu. Yuko kibarazani, simu mkononi, anatabasamu. Nikachomoka, nikataka nione simu. Matokeo ya mpira. Nikamwambia hata hivyo namjua, amwache mke wangu apumzike. Afadhali angenitukana. Akanisogezea kiti, akaniita Baba Elieth kwa upole, akasema mafuta yale alikuwa anawapa wenzake ofisini. Alikuja kwetu kwa sababu mtaa mzima ni Penina peke yake aliyekuwa akimuuliza kama amekula.

Nikakaa. Tukalia wote wawili, watu wazima na ndevu zetu. Nilipofika kwangu nikafungua ukurasa nimweleze Penina.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada wamekuja Elieth na Lameck. Elieth akaniamkia mara mbili, nikajua pana jambo. Akaomba simu yangu, akabonyeza, akanionyesha. Ile simu ni hii. Mgeni ni mimi.

Nikabisha. Nikasema huwa nakagua tu kama ukurasa unafunguka. Akauliza ukaguzi gani unaochukua jioni nzima. Nikasema mtandao wa Nzuguni ni wa taratibu. Akaiondoa simu yangu kwenye hesabu, na ukurasa wa Penina ukabaki mtupu. Watu wanafungua, wanaondoka. Imeniuma jamani, sitadanganya.

Nikamsubiri Lameck ashangilie. Hakushangilia. Akakiri kwamba mkosi alijitungia mwenyewe. Ni yeye asiyeweza kufungua ile tovuti, anaogopa asije akapangiwa uso wa dada yake. Kisha akanipa fremu: Penina na sare ya kwaya. Akasema niitundike ukutani, nimwache apumzike. Yale yale maneno yangu kwa Ambokile! Nikampa mkono. Ukurasa ufutwe. Nimekubali kiume. Nimepona kabisa.

Jumatatu, 16 Juni
Ukuta una nyufa, fremu itaanguka. Nimeipiga picha kwa simu, kwa usalama tu. Elieth amerudi chuoni, lakini jana nilichungulia anavyobonyeza, na mimi si mjinga. Nimeanzisha jaribio jipya, la haki kabisa. Nusu ya wageni wamwone Penina wa kitenge, nusu wamwone Penina wa kwaya. Atakayeshindwa afutwe. Mimi sina upendeleo.

Simu yangu imepangiwa wa kwaya. Amependeza, sikatai. Ila yule wa kitenge sijamwona tangu asubuhi. Nakwenda kwa Ambokile kumwomba simu yake.